Kompyuta ya gemu kwa dola 1,500: Anza na kioo, kasha lije mwisho

SOMO la wiki hii linawahusu wafanyabiashara wa vifaa vya kompyuta, mafundi wanaounganisha mashine kwa oda, na wale wenye mtaji mdogo wanaofikiria kufungua ukumbi wa kuchezea gemu. Mteja wa siku hizi haji dukani kuulizia kompyuta tu. Anakuja na kiasi chake mkononi, anataja gemu anazotaka kucheza, na anataka mashine ya daraja la juu. Kiasi hicho hakiongezeki. Kazi inayobaki kwa muuzaji ni kukigawa, na katika mgawanyo huo ndipo fedha za watu wengi hupotea bila mwenyewe kujua.

Tumechukua mfano wa fungu la dola 1,500 za Marekani kwa vifaa vya ndani ya kasha peke yake. Kioo, kibodi, kipanya, nauli ya mzigo, kodi na ujira wa fundi viko nje ya hesabu hii. Tunahesabu kwa dola kwa sababu vifaa hivi huagizwa kwa dola, iwe mzigo unapitia Dubai au Guangzhou, na shilingi hufuata baadaye. Kwa prosesa na kadi za michoro tumeweka bei ya uzinduzi ya Marekani, yaani ile aliyoitangaza mtengenezaji siku bidhaa ilipoingia sokoni, bila kodi ya mauzo. Kwa vifaa vingine tumeweka makisio ya katikati ya mwaka 2025. Bei ya dukani kwako itakuwa nyingine. Tunachotaka msomaji akione hapa ni uwiano.

MASHINE MBILI, BEI MOJA

Tuanze na mashine ambayo wauzaji wengi hupenda kuipanga. Prosesa ni Ryzen 7 9800X3D, iliyozinduliwa Novemba 2024 kwa dola 479, ambayo wakati ule ilisifiwa kila mahali kuwa prosesa bora ya gemu. Ubao mama wenye mapambo, dola 200. Kipozeo cha maji, dola 110. Kasha la vioo pande mbili lenye taa za rangi, dola 110. RAM ya gigabaiti 32, dola 110. Diski ya SSD, dola 120. Pawa saplai, dola 70. Jumla hapo ni dola 1,199. Zimebaki dola 301, na kwa fedha hiyo kadi ya michoro inayopatikana ni RTX 5060 yenye gigabaiti 8, iliyozinduliwa Mei 2025 kwa dola 299. Fungu limekwisha, zimebaki dola 2.

Sasa tuigeuze hesabu. Kadi ya michoro iwe ya kwanza kununuliwa: RX 9070 XT yenye gigabaiti 16, iliyozinduliwa Machi 2025 kwa dola 599. Prosesa iwe Ryzen 5 7600, iliyozinduliwa Januari 2023 kwa dola 229. Ubao mama wa kawaida wa B650, dola 150. RAM ya gigabaiti 32, dola 110. Diski ya SSD ya terabaiti 1, dola 80. Pawa saplai ya wati 750 ya daraja la dhahabu, dola 110. Kasha la wavu lenye feni zake, dola 80. Kipozeo cha hewa, dola 35, ingawa prosesa hii huja na kipozeo chake kidogo ndani ya boksi. Jumla ni dola 1,393. Zimebaki dola 107 za akiba, na akiba hiyo tutaihitaji huko mbele.

Mashine ya kwanza inapendeza zaidi mezani. Hata hivyo, katika gemu nzito kwenye kioo cha pikseli 2560 kwa 1440, kadi ya mashine ya pili hutoa fremu zinazokaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Mteja aliyechukua mashine ya kwanza amelipa fedha ileile na amenunua taa.

KIOO NDICHO KINACHOPANGA

Kabla ya kutaja kifaa chochote, mwulize mteja anatumia kioo gani, au atanunua kipi. Swali hili huonekana dogo, lakini majibu yake ndiyo yanayoamua fedha iende wapi.

Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Cha 2560 kwa 1440 kina 3,686,400. Kile kinachoitwa 4K, cha 3840 kwa 2160, kina 8,294,400, yaani mara 4 kamili ya kile cha kwanza. Kadi ya michoro ndiyo inayopaka rangi kila pikseli katika kila fremu, hivyo kioo kikiongezeka, mzigo wake huongezeka. Prosesa yenyewe hupanga mambo mengine: adui yuko wapi, risasi imepiga nini, gari limegonga ukuta kwa kasi gani. Kazi hiyo haijali sana kioo kina pikseli ngapi. Inajali ni fremu ngapi zinatakiwa kwa sekunde.

Hapo ndipo kuna aina mbili za wateja, na muuzaji akizichanganya amemharibia mmoja wao. Wa kwanza hucheza gemu za hadithi zenye mandhari nzito, na anataka picha nzuri kwenye kioo kikubwa. Fremu 60 hadi 100 kwa sekunde zinamtosha. Kwa huyu fedha iende kwenye kadi, na prosesa ya koa 6 kama 7600 itamudu bila shida. Wa pili hucheza gemu za mashindano kama Counter-Strike 2 au Valorant, kwenye kioo kidogo cha 1080 chenye kasi ya hertz 240, na mara nyingi hupunguza ubora wa picha kwa makusudi ili fremu ziongezeke. Huyu ndiye anayefaidi 9800X3D, kwa kuwa prosesa hiyo ina megabaiti 96 za hifadhi ya ndani ya daraja la tatu dhidi ya megabaiti 32 za 7600, na gemu za namna hiyo huipenda sana hifadhi hiyo. Kwa mteja wa pili, mgawanyo wa mashine ya kwanza si wa kulaumiwa sana. Ungeondoa tu kipozeo cha maji na vioo.

Kwa lugha ya wakati, fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 za kutengenezwa. Fremu 240 maana yake ni milisekunde 4.2. Ndani ya muda huo, prosesa na kadi wote wawili lazima wawe wamemaliza. Atakayechelewa ndiye anayeweka kikomo, na fedha iliyowekwa kwa mwenzake juu ya kikomo hicho haina tija yoyote.

Aidha, mteja mwenye kioo cha 1080 cha hertz 60 asiuziwe kadi ya dola 599 kabisa. Kioo chake hakiwezi kuonyesha zaidi ya fremu 60. Mwambie ukweli kwamba mashine nafuu pamoja na kioo kipya ni ununuzi bora kuliko mashine ghali na kioo cha zamani. Utapoteza faida kidogo siku hiyo, lakini atarudi, na atarudi na wenzake.

JINA MOJA, BIDHAA MBILI

Katika kadi za michoro kuna mtego ambao umewakamata hata waagizaji wazoefu. Kadi ya RTX 5060 Ti ilizinduliwa Aprili 2025 ikiwa na sura mbili: ya gigabaiti 8 kwa dola 379 na ya gigabaiti 16 kwa dola 429. Jina ni lilelile na boksi hufanana. Hali kadhalika RX 9060 XT ilitoka Juni 2025 ikiwa ya gigabaiti 8 kwa dola 299, na ya 16 kwa dola 349. Tofauti ya dola 50 inamshawishi mwagizaji kuchukua ile ndogo, hasa anapochukua kadi 10 kwa mpigo.

Kumbukumbu ya kadi ni kama meza ya fundi cherehani. Kitambaa kikizidi meza, kazi haisimami lakini inakwenda kwa kuvutavuta. Gemu nyingi nzito za miaka ya karibuni hujaza gigabaiti 8 kwa urahisi pale ubora wa picha unapopandishwa, na hapo picha hukatikakatika hata kama kadi yenyewe ina nguvu. Kwa mashine inayoitwa ya daraja la juu, gigabaiti 8 hazifai. Kwenye ankara ya kuagizia andika ukubwa wa kumbukumbu kwa tarakimu, si jina la kadi peke yake, na mzigo ukifika fungua boksi mojamoja.

Kwa kadi zilizotumika tahadhari ni kubwa zaidi. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za michoro katika kuchimba sarafu zake, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Nyingine bado zinadunda. Lakini feni zake zimezunguka sana, na gundi ya kupitishia joto huenda imekauka. Wapo pia wajanja wanaobadilisha taarifa za ndani ya kadi ya zamani ili ijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kugundua udanganyifu huo, na jaribio la gemu nzito kwa nusu saa mbele ya muuzaji husaidia zaidi.

Na tukiwa kwenye vilivyotumika, anayeletewa prosesa za Intel zenye nguvu kubwa za kizazi cha 13 na cha 14 aulize historia yake. Mwaka 2024 ilibainika kuwa baadhi yake ziliharibika kwa kupewa volti za juu kupita kiasi. Intel ilitoa marekebisho ya programu Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka 2, lakini marekebisho hayo huzuia tu. Prosesa iliyokwisha kudhurika hayaiponyi.

RAM ILIPOVURUGA HESABU

Sasa tuje kwenye jambo linalomgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Katikati ya mwaka 2025 RAM ya DDR5 ya gigabaiti 32 ilikuwa ikiuzwa karibu na dola 100 huko Marekani. Kufikia Desemba mwaka huohuo, seti zilezile zilikuwa zimevuka dola 300. Wachezaji gemu hawakuwa wameongezeka mara tatu. Aliyeongezeka ni mnunuzi mwingine kabisa: makampuni yanayojenga vituo vikubwa vya akili bandia, ambavyo humeza kumbukumbu kwa wingi wa kutisha. Watengenezaji wakubwa wa chipu hizi duniani ni 3 tu, Samsung, SK hynix na Micron, na wote wana sababu ya kumhudumia kwanza anayelipa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuwa inaachana na biashara ya kuuza kwa walaji wa kawaida chini ya jina la Crucial, jina ambalo mafundi wetu wengi walilizoea.

Hali hii si mpya kwa sura yake. Kadi ya RTX 3080 ilizinduliwa Septemba 2020 kwa dola 699, na mwaka 2021 watu waliinunua mitaani kwa mara mbili ya bei hiyo, kwa sababu wachimbaji wa sarafu walikuwa wakichukua kila iliyopatikana. Walipoondoka mwaka 2022, bei ikaporomoka na waliojaza maghala wakaumia. Kwa hiyo anayefuatilia bei za vifaa vya gemu asitazame wachezaji peke yao. Atazame ni nani mwingine anayenunua chipu hizohizo na ana fedha kiasi gani.

Turudi kwenye mashine yetu ya pili. Ilikuwa ya dola 1,393, na akiba ya dola 107. Tukibadilisha bei ya RAM kutoka dola 110 hadi 350, ongezeko ni dola 240. Akiba yote imekwisha na tumepungukiwa dola 133. Fungu la mteja ni lilelile. Nini kikatwe?

Wengi hukata pawa saplai, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, tutalieleza punde. Wengine hukata prosesa, lakini chini ya 7600 hakuna dola 133 za kuokoa. Kwa maoni ya ukurasa huu njia ni mbili, na kioo ndicho kinachochagua. Mwenye kioo cha 1440 abaki na kadi yake, achukue RAM ya gigabaiti 16 katika vipande viwili vya 8. Kwa bei ileile ya juu hiyo ni kama dola 175, ongezeko la dola 65, na akiba inalibeba na kubakiza dola 42. Gemu nyingi zinaridhika na gigabaiti 16. Bei ikishuka atanunua 32 na kuuza zile za mwanzo. Asinunue kipande kimoja cha 16 kwa nia ya kuongeza baadaye, kwa sababu kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja badala ya mbili na fremu hupungua tangu siku ya kwanza.

Mwenye kioo cha 1080 afanye kinyume. Ashushe kadi hadi RX 9060 XT ya gigabaiti 16, ambayo ni dola 250 chini ya 9070 XT, abaki na RAM ya 32, na bado atakuwa na dola 117 mkononi.

Kuna na njia ya tatu ambayo wauzaji hawaipendi kwa vile haiuzi boksi jipya. Mteja mwenye mashine ya zamani ya Ryzen ya soketi ya AM4, iliyoanza kutumika kwa Ryzen mwaka 2017, tayari ana RAM ya DDR4 ndani. Ubao wake, ukishasasishwa programu yake ya ndani, mara nyingi hupokea prosesa kama Ryzen 7 5700X3D iliyotoka Januari 2024 kwa dola 249. Ukiongeza kadi na pawa saplai, umempa mashine nzuri bila kugusa soko la RAM. Fundi anayejua kazi hii, wakati RAM iko juu, ana biashara kuliko mwenye duka la vioo na taa.

PAWA SAPLAI HAIKATWI

Umeme wetu ni wa volti 230, angalau kwenye karatasi. Ukweli wa mitaani kila msomaji anaujua. Pawa saplai ndiyo inayosimama kati ya umeme huo na vifaa vya dola 1,000 na zaidi, na ikifa vibaya haifi peke yake.

Hesabu ya mahitaji ni rahisi. Kadi ya 9070 XT hutumia wati 304, prosesa ya 7600 hufika wati 88, na vifaa vingine tuviwekee 60. Jumla ni wati 452. Mtengenezaji wa kadi hupendekeza pawa saplai ya wati 750, kwa sababu kadi hizi huruka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde kupita kiwango chake cha kawaida, na pawa saplai iliyobanwa hujizima katikati ya mchezo.

Lakini wati 750 zipi? Usisome maandishi makubwa ya ubavuni. Soma jedwali dogo la kibandiko, mstari wa volti 12, kwa kuwa karibu nguvu yote ya kadi na prosesa hutoka hapo. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 750 itaonyesha ampea zinazokaribia 62, yaani wati 744. Ukikuta iliyoandikwa wati 700 kwa herufi za dhahabu, na mstari wa volti 12 una ampea 30, hiyo ni pawa saplai ya wati 360 kwa kazi yetu. Mashine ya mfano wetu inahitaji ampea zisizopungua 38. Hesabu hii inachukua nusu dakika, na inaweza kufanyika hapohapo juu ya kaunta.

UPS nayo isomwe vivyo hivyo. Ile ndogo ya VA 650 inayouzwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini mara nyingi hubeba wati zisizozidi 400. Mashine yetu ikiwa kazini huvuta kama wati 500 ukutani, kabla hujahesabu kioo. Umeme ukikatika UPS hiyo italia mara moja na kuzima vyote. Ama inunuliwe kubwa, ama mteja aelezwe kuwa ile ndogo haitamwokoa akiwa ndani ya gemu.

Kuhusu joto tutasema kwa kifupi. Kasha lenye kioo mbele huifungia hewa nje, na Dar es Salaam ya Januari haina ubaridi wa kusaidia. Prosesa ya 7600 ina kikomo cha nyuzi 95. Ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe. Wavu mbele, kichujio cha vumbi kinachofunguka, feni mbili za kuingiza hewa na moja ya kutoa. Diski nayo haihitaji maneno mengi: SSD ya kizazi cha 4 inatosha, ya kizazi cha 5 ni ghali na kwa gemu tofauti yake haionekani. Kama kuna akiba, inunue ukubwa badala ya kasi, maana gemu moja kubwa humeza gigabaiti 100 na zaidi.

KWA ANAYEFUNGUA UKUMBI

Mwekezaji mdogo anayetaka kuweka mashine 10 asinakili mashine ya mtu binafsi. Mashine yetu ya wati 500 ikifanya kazi saa 10 kwa siku hula uniti 5. Kumi zinakula uniti 50 kwa siku, uniti 1,500 kwa mwezi wa siku 30, bila vioo, taa wala kiyoyozi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU yako. Mashine hiyohiyo ikiwekewa kadi ya RTX 5060 yenye wati 145 huvuta kama wati 310, na kumi zinakula uniti 31 kwa siku. Kwa ukumbi wa vioo vya 1080 na gemu za mashindano, tofauti hiyo ya uniti 19 kila siku inaweza kuwa ndiyo faida yenyewe. Na kama vijana wa mtaani kwako wanataka mpira tu, kompyuta si chombo chao. Nunua mashine za PlayStation.

BEI YA ODA

Tumalizie na muuzaji mwenyewe. Mchukulie fundi aliyempa mteja bei isiyobadilika Oktoba 2025, akapokea nusu ya fedha kama arubuni, akasubiri mzigo wa mwezi uliofuata ndipo anunue RAM. Kama alijiwekea faida ya dola 150, ongezeko la dola 240 limeila yote na kumdai dola 90 juu. Mteja hana kosa, ameahidiwa. Fundi naye hana pa kulalamika.

Kwa mantiki hiyo, karatasi ya bei iwe na siku za mwisho, na ziwe chache. Siku 3 au 4 zinatosha. Arubuni iwe kubwa kiasi cha kununua kadi na RAM siku ileile inapopokelewa, kwa kuwa hizo ndizo bei zinazoruka. Kasha, kipozeo, ubao mama na pawa saplai vinaweza kusubiri wiki kadhaa, na hata kuwekwa akiba dukani, kwani bei zake hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kadi za michoro zisirundikwe. Nvidia ilitoa kizazi kipya mwaka 2018, 2020, 2022 na 2025, na kila kizazi kilipofika, kilichokuwa rafuni kilipoteza thamani kabla mwenye duka hajafuta bei ya zamani. Na kwenye stakabadhi aandike namba ya kila kifaa, hasa kadi na RAM, ili mashine ikirudishwa kwa dhamana ajue kama kilichomo ndani ndicho alichouza.